Pindo la Gauni la Skuli

Hapa Kisauni mimi najulikana kwa sauti za watu. Nikikaa na mtu kidogo tu huwa nishamchukua: anavyolivuta neno, anavyokohoa kabla ya kukukatalia jambo, anavyocheka kwa pua. Siku ya Idd, watu wakishakula, wajukuu hunizunguka. Nyanya, tufanyie babu akiomba chumvi. Nyanya, mfanye yule mama wa mahamri akigombana na mumewe. Nami nawafanyia, nao hucheka mpaka chai ikamwagika mkekani. Mamangu tulimzika zamani, lakini nikitaka nitamrudisha hapa sebuleni amgombeze mtu kwa kuacha mlango wazi. Babangu vilevile, pamoja na kikohozi chake.

Sauti moja ndiyo sina. Ya nduguyangu mwanamke aliyenifuata ziwa, aliyekufa angali mwanafunzi. Hakuna anayeniomba nimfanye, maana hakuna aliyebaki wa kumjua. Nimejaribu mwenyewe, niko peke yangu jikoni nakuna nazi, nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mamangu, imebanwa kidogo. Nikarudia, ikatoka ya mjukuu wangu. Nikaendelea kukuna nazi.

Haya nayasema na simu. Mjukuu kaiweka juu ya stuli mbele yangu, baadaye ataandika yeye, maana mimi kalamu siijui. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinipake poda.

Kilichobaki cha nduguyangu ni picha moja, ya nyeusi na nyeupe, yatosha kiganjani. Naiweka kabatini ndani ya kanga kuukuu. Amesimama, amevaa gauni la skuli la marinda, shati jeupe kwa ndani, tai, soksi nyeupe, raba nyeupe. Mkononi ana kitabu. Pembe moja ya picha mende wameila. Unyevu wa nyumba zetu hizi nao uliingia kutoka juu, ukashuka mpaka usoni, ukaufuta uso polepole mwaka baada ya mwaka, ukabakisha kidevu na sikio moja. Nguo haikuguswa. Marinda waweza kuyafuata kwa kidole, moja moja. Uso ndio ulioondoka.

Sasa huyu mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho, yuwasoma koleji upande wa Shanzu, mambo ya mahoteli. Siku moja karudi na habari kwamba koleji yao itakuwa na siku ya mavazi ya wanafunzi wa kale, kila mtu avae kama wasomi wa enzi za picha zisizo na rangi. Kakaa hapa chini miguuni pangu, akanifungulia simu anionyeshe hizo picha wanazozipenda. Vijana wa suruali pana chini kama kengele. Vijana wa tai nyembamba, nywele zimepasuliwa kando utadhani kwa rula. Wasichana wa marinda na soksi zilizokunjwa mara moja juu ya kifundo. Wamejipanga mbele ya darasa, mikono imelala mapajani, hakuna anayecheka.

Mjukuu akisema, huwa analivuta neno la mwisho kama mtu anayevuta kamba ya ndoo. "Nyanya, ona hiyo kolaaa. Siku hizi hakuna kola kama hiyo."

Nikamuuliza, nyinyi mna nguo chungu nzima, mwapenda nini humu? Akafikiri. Akasema watu wale waonekana wametulia. Akasema hawana haraka, na kila mmoja ni kama alijua kesho atakuwa nani. Akasema pia, na hapa alicheka, kwamba hata maskini wao walikuwa maridadi.

Nikazitazama tena. Yeye aliona watu waliotulia. Mimi nilikuwa naona pasi. Kila rinda lile limelala vile kwa sababu kuna mtu aliamka akapuliza makaa, akaweka pasi nje ya mlango isimwage majivu ndani, akaijaribu moto kwa kidole kilicholowa mate. Kola ile imesimama kwa sababu kuna mtu alipika wanga wa muhogo mwepesi kama uji wa mgonjwa, akaichovya. Shati ni jeupe kwa sababu kuna mtu alilisuuza kwa buluu, na mikono yake ikabaki ya samawati mpaka jioni. Huyo mtu hayumo kwenye picha. Katika nyumba yetu mtu huyo alikuwa mimi.

Babangu alikuwa na mabinti wawili na maneno machache. Alikohoa kwanza, halafu akasema, "Mmoja atasoma, mmoja atashika nyumba. Wakisoma wote, nani atatupikia? Mwalimu?" Mambo yakaisha hapo. Mimi mkubwa nilishaanza kupika, kwa hivyo nikashika nyumba. Chuoni nilienda, Kurani nilihitimu, lakini skuli niliishia kuifua. Sikulia sana, wala sitasema nililia nionewe huruma. Nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa yeye. Alipotoka asubuhi akiwa amenyooka vile, nilikuwa nimetoka na mimi.

Marinda ya gauni lile yalikuwa na desturi yake. Kuyapiga pasi peke yake hakutoshi. Jioni niliyapanga moja moja, nikayashikiza kwa uzi mrefu, nikalilaza gauni chini ya godoro, upande wa nduguyangu maana alikuwa mwepesi, hakulilalia kwa fujo. Tulilala kitanda kimoja. Nikimkataza kujigeuza. Nikimwambia ukigeuka utavunja marinda, na ukiyavunja utaenda skuli kama kuku aliyenyeshewa. Naye akilala chali kama ubao, akicheka kimyakimya, nikihisi godoro likitikisika.

Kioo chetu kilikuwa kidogo, cha kuonea uso tu. Kwa hivyo kila asubuhi akishavaa alisimama mlangoni, akanipa mgongo, akaniuliza swali moja. "Nyuma niko sawa?" Nami nikimwangalia kuanzia kola mpaka pindo, nikimwambia, "Uko sawa. Nenda." Kama hakuwa sawa nilimvuta, nikamrekebisha, kisha nikamwambia hivyohivyo. Mbele yake alijiona mwenyewe. Nyuma yake niliijua mimi tu.

Basi niliposhika ile simu ya mjukuu, tamaa ikaniingia. Nikamtazama alivyoinama pale chini, mabega yake membamba, yameshuka kidogo kama hanga ya nguo iliyopinda. Mabega ni yaleyale. Nikasema moyoni, huyu akivaa gauni lile akanipa mgongo, nitamwona nduguyangu. Uso wake umeliwa na unyevu, sauti yake imeliwa na miaka, lakini mgongo wake naujua, na mgongo haumo kwenye picha wala kwa mtu mwingine aliye hai. Nilitaka kumwona akienda. Mara moja tu, akifika pale langoni.

Sikumwambia hayo. Nilimwambia achana na hao wa kwenye simu, mimi nina msomi wangu. Nikaenda kabatini, nikafungua kanga.

Alikuwa akijua kuna picha ya nduguye nyanya, lakini watoto wa nyumba hii waliikuta pale kama walivyokuta kabati lenyewe. Sasa akaishika kwa vidole viwili. Hakuuliza uso umeenda wapi. Aliuliza gauni lilikuwa rangi gani, kisha akajijibu mwenyewe kwamba bila shaka lilikuwa kijivu. Nikamwambia, mwanangu, kwani wewe wafikiri sisi tulizaliwa kijivu? Wafikiri bahari ilikuwa kijivu, na ndizi? Lilikuwa damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva ikakaribia nyeusi. Akaangalia picha, akaniangalia mimi. Nadhani siku ile ndipo alipoamini kwamba yule mtu alikuwa mtu.

Akapiga picha ile picha kwa simu yake, akaikuza, akaanza kuniuliza. Kitabu alichoshika ni cha nini? Nikamweleza kuwa kitabu kilikuwa cha studio. Kila mtoto aliyepigwa picha pale alishikishwa kitabu kilekile, Kihindi kitupu, hata mwenye skuli hakijui. Mzee wa studio alikuwa Mhindi, mwembamba, kajificha ndani ya kitambaa cheusi anatoa amri kama jini wa kwenye chupa. "Toto, tazama hapa. Hapana sheka. Hapana lia pia." Mjukuu akacheka. Nikamfanyia tena.

Ilikuwa Idd. Watoto wengine walikwenda studio na magauni ya Idd, ya mikono ya mabawa na lesi. Babangu akasema la, huyu atapigwa na nguo ya skuli, gauni la Idd kila mtu analo. Basi tukavuka daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea, nikiwa nimelibeba gauni mkononi ndani ya shuka lisikunjike, maana nilikataa alivae njiani. Akalivaa kulekule studio nyuma ya pazia. Nikamnyoosha marinda, nikampaka raba chaki, halafu yule mzee akaniambia nisogee. Nikasogea. Mimi niko upande wa mkono wake wa kulia, nje kidogo ya pale picha inapoishia.

Fundi aliyeshona gauni la mjukuu ana kibanda Kiembeni. Ni mtu wa bara, mpole, asema kama mtu anayetafuna njugu. Goti langu lilikataa kwenda, kwa hivyo nikazungumza naye kwa simu. Nikamtolea masharti. Kitambaa damu ya mzee, si nyekundu. Marinda ya kulala upande mmoja, yasikutane katikati. Kola isimame. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Shosho, usijali. Mimi nikishaona picha, nimeona nguo." Nikamwambia mimi si shosho, mimi ni nyanya, na huyo aliye kwenye picha ni nduguyangu, kwa hivyo asinikosee. Akaniambia hawezi.

Siku mjukuu aliporudi na gauni nilikuwa nimeshaoga, nimekaa kitini kama bibi harusi anayengoja kutazamwa. Akalitoa kwenye mfuko wa karatasi, akalikung'uta. Rangi ni ileile. Nilishika kitambaa, nikakipeleka puani, ingawa harufu yake ni ya dukani tu. Marinda yamelala upande mmoja. Kola imesimama. Nikaanza kumwombea yule fundi dua.

Halafu nikafika chini. Juu kidogo ya ncha ya gauni, kuzunguka lote, fundi alikuwa ameshonea utepe mweusi wa kung'aa.

Nikamuuliza mjukuu utepe ule ni wa nini.

"Si uko kwa picha, nyanya." Akafungua simu, akaikuza picha mpaka ikajaa pindo la gauni peke yake. "Ona. Huu mstari hapa, halafu chini yake rangi inakolea. Fundi alisema ndio ulikuwa urembo wao. Wenzangu wameupenda kuliko gauni lote."

Mwanzo nilicheka. Nilicheka sana, nikamfanya fundi na njugu zake, shosho nimeona picha nimeona nguo. Halafu kicheko kikaniishia kifuani, na mjukuu akaniuliza kama nataka maji.

Nikamwambia, mwanangu, ule si urembo. Ule ni urefu wake.

Yeye hakufahamu, na si kosa lake. Nguo zao hawa zikiwa fupi hununua nyingine. Zamani gauni la skuli lilishonewa mtoto anayekuja, si huyu aliyesimama mbele ya fundi. Mtoto akikaribia kuingizwa skuli, mama alimwambia fundi aache kitambaa. Kikakunjwa kwa ndani, pindo moja, na aliyeweza akakunja na la pili juu yake. Gauni likawa zito chini, mtoto akitembea linamgonga magoti. Akirefuka, pindo moja hufunguliwa, gauni likashuka naye. Lakini kitambaa cha nje kimeshapauka kwa jua na sabuni, na kile kilichokuwa ndani hakijaona jua. Kwa hivyo chini kwabaki ukanda uliokolea, na pale lilipokuwa kunjo kwabaki mstari ambao pasi haiwezi kuufuta. Wasichana wote wa skuli walikuwa nao. Ukimwona mtu ana mstari, wajua huyu kapanda.

La nduguyangu lilikuwa na mapindo mawili. La kwanza nililifungua mimi, kwa wembe wa babangu, Idd ile ikikaribia. Yeye alikaa mbele yangu akanishikia kitambaa kivutike, huku akinisomea kitabu chake cha Kiingereza, nami nikimfuatiza kwa kumwigiza tu, bila kujua neno. Akacheka mpaka akakiachia kitambaa, na wembe ukanigusa kidole. Nilipomaliza akasimama, akajiangalia chini, akauona ule mstari. Akafurahi. Akaupitisha kidole kwenye mstari wote, kuzunguka, mpaka akarudi alipoanzia.

Hayo nikamsimulia mjukuu, naye gauni amelilaza mapajani. Akaufuata ule utepe kwa kidole. Kisha akaniuliza lile swali ambalo nilikuwa najua litakuja.

"Na pindo la pili, nyanya?"

Nikamwambia la pili hatukulifungua. Masika yalipoanza akaja na homa. Akarudi kutoka skuli akalala na nguo, na mimi nikamgombeza, nikamwambia inuka uvue, wavunja marinda. Akavua. Ndiyo nguo ya mwisho kuivua kwa mkono wake. Homa haikumwacha, na baada ya siku chache ikawa hakuna tena wa kuvaa. Tukamzika hapa hapa Kisauni, mvua inanyesha. Asubuhi ya baada ya matanga nikaamka nikakuta nimelilaza gauni chini ya godoro, limeshikizwa marinda, tayari. Sikumbuki nilivyolipanga.

Mamangu akalichukua. Nguo za marehemu hazikai ndani, hutolewa sadaka, na hilo si la kubishana. Alizikunja zote, kanga zake, gauni la Idd, raba, akagawa. Gauni la skuli akampa jirani yetu mmoja, Mmijikenda, mjane, aliyekuwa na binti wa skuli ileile na kitambaa cha kumshonea hana. Yule mama alilipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti. Mamangu akamwambia, kwa ile sauti yake ya kuhesabu, "Lina pindo moja ndani. Litamfaa na mwakani."

Mimi naweza kumfanya mamangu akisema kila kitu. Akimfukuza paka, akisema na babangu kuhusu samaki, akisoma Yasini. Maneno hayo siyafanyi. Siku ile niliyafanya kwa sababu mjukuu aliuliza.

Basi gauni likawa lapita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi. Yule msichana alikuwa mtoto mzuri, mwenye adabu, akipita atuamkie. Akitokea mbele hakuwa na neno. Lakini akishapita, mgongo wake na marinda yale, hapo ndipo mamangu aliposimama akaingia ndani, na mimi nikabaki kizingitini na ufagio mkononi. Nilimwangalia kuanzia kola mpaka pindo. Marinda hayakuwa sawa. Mamake hakujua kuyashikiza. Asubuhi moja nusura nimwite nimrekebishe, nikaona haya.

Mwaka ukageuka. Akapita siku moja, akatuamkia kama kawaida, na akishapita nikaona. Mistari ni miwili. Lile pindo la pili lilikuwa limefunguliwa, kitambaa chake kimekolea kama siku lilipotoka kwa fundi. Mtoto wa watu kakua. Ule urefu ulikatwa kwa ajili ya nduguyangu, ukakaa umekunjwa ukimngoja, na sasa ulikuwa ukienda skuli na miguu mingine. Sikumwambia mamangu. Jioni nilimwona akikuna nazi ameikuna mpaka kifuu, nikajua ameona na yeye.

Nilipofika hapo mjukuu aliinuka akaingia chumbani kwa mjomba wake, akarudi na wembe. Akauweka juu ya stuli. Akakaa mbele yangu, akakivuta kitambaa kwa mikono miwili.

Nikafungua mimi. Macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha, kwa hivyo nilikwenda kwa kidole: natafuta uzi, nainua, nakata. Alinishikia vizuri. Mara moja akasema wenzake watamuuliza utepe umeenda wapi, nikamwambia waambie shosho ameula. Tukacheka. Fundi wa bara ana mkono mzuri jamani, alishona kwa kushona, uzi hautoki ovyo.

Utepe ulipotoka wote, kitambaa kilibaki na mstari wa matundu ya sindano, mwembamba, umezunguka gauni lote. Mjukuu akataka kulowesha na kupiga pasi ili ufutike. Nikamwambia auache. Nikageuza ncha ya gauni nitazame ndani. Fundi hakuacha kitu, kitambaa kimeishia pale pale.

Mjukuu akaona ninachotafuta. "Mimi nishamaliza kurefuka, nyanya," akasema.

Kweli. Amemaliza. Umri alio nao yeye, nduguyangu hakuufikia.

Siku yenyewe ya koleji nilimpigia pasi mimi, ya umeme, isiyotaka makaa wala mate. Marinda niliyashikiza kwa uzi tangu jana yake. Nikataka alilalie, akaniambia godoro lake la sponji litaliharibu, basi tukalilaza juu ya meza chini ya mabuku yake. Asubuhi akavaa. Shati, tai, soksi zimekunjwa mara moja. Nywele akazipasua kando. Kitabu alichukua cha mapishi, nikamwambia afadhali, angalau hicho anakijua.

Nikaenda kukaa pale mlangoni, kwenye stuli, nikangoja.

Akatoka chumbani, akasimama kwenye kizingiti karibu nami, akanipa mgongo. Mabega yaleyale, yameshuka. Marinda yamelala. Ule mstari wa matundu chini, ukijua pa kutazama. Nikavuta pumzi, nikangoja aniulize. Nilikuwa nimejitayarisha, wallahi, kama mtu aliyeitwa mbele ya kadhi.

Hakuniuliza. Aliinua simu juu ya bega, akajipiga picha ya nyuma, akaitazama, akaridhika. Siku hizi mtu hahitaji wa kumwonea mgongo. Akanibusu kipajini, akasema nyanya nimechelewa, akashuka ngazi.

Akaenda. Kutoka ngazini mpaka langoni si mbali, ni pale uani tu, kamba za nguo na ndoo za majirani. Akainama kupita chini ya kamba, marinda yakafunguka, yakajifunga. Hapo nikamwona. Si muda mrefu. Kola, mgongo, pindo linapiga nyuma ya goti, akikanyaga kwa kuepa dimbwi kama alivyokuwa akiepa. Nikamwona akienda skuli.

Jibu likanitoka. Sikulipanga. Sikulitoa kwa sauti hii ya kizee, lilitoka kwa ile yangu ya usichana, kali kidogo, ya mtu mwenye masizi mikononi na kazi inamngoja. Sijaisikia tangu asubuhi zile, na sikujua kwamba ningali nayo.

"Uko sawa. Nenda."

Mjukuu akageuka langoni. Akauliza, "Abee nyanya? Umeniita?"

Uso ni wake, na miwani yake, na tai imeshaanza kupinda. Nikamwambia sikumwita yeye, aende, atachelewa. Akaenda.

Nikabaki pale na stuli yangu mpaka jua likafika mlangoni. Baadaye simu ya binti yangu ikalia, mjukuu ametuma picha. Wamejipanga mbele ya darasa, mikono mapajani, hakuna anayecheka, na wameiondoa rangi yote iwe kama za kale. Gauni lake limekuwa kijivu.